Gedalia Alikosa Wapi?

Katika Agano la Kale mna habari nyingi za mashauri mabaya. Watu wanakutana kwa siri, wanapanga hila, na yule wanayempangia anaendelea na kazi yake bila kujua lolote. Ndugu za Yosefu walimfanyia hivyo ndugu yao. Absalomu alimfanyia hivyo baba yake Daudi. Hamani aliwapangia Wayahudi wote. Habari hizo tunazijua tangu mafundisho ya utoto. Lakini iko moja isiyosomwa sana, nayo kwa maoni yetu inafundisha kupita hizo zote. Ni habari ya Gedalia mwana wa Ahikamu, katika kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 40 na ya 41.

Mara kadhaa tumeisikia ikielezwa katika mafungo na katika mikutano ya waamini. Karibu kila mara msemaji alimaliza kwa maneno yale yale: Gedalia alikuwa mjinga, alimwamini mtu asiyestahili, kwa hiyo akafa, basi ninyi msiamini watu ovyo. Wasikilizaji wanaitikia kwa kichwa, wanarudi nyumbani, na kila mmoja anaanza kumtazama jirani yake kwa jicho la wasiwasi. Je, hilo ndilo fundisho alilotaka mwandishi mtakatifu? Sisi tunasema sivyo. Tukisoma polepole, tukipima kila neno mahali lilipowekwa, tutaona kwamba kosa la Gedalia si lile analosingiziwa, na kwamba tukikosea kulitambua tunaweza kuanguka katika kosa baya zaidi kuliko lake.

Gedalia alikuwa nani?

Mwaka 587 kabla ya Kristu, au karibu na hapo, majeshi ya Nebukadneza mfalme wa Babiloni yaliuvunja mji wa Yeruzalemu. Hekalu lilichomwa moto, mfalme Sedekia alitobolewa macho, wakubwa wakachukuliwa utumwani. Nchini walibaki maskini tu, wakapewa mashamba na mizabibu. Juu yao Wababiloni walimweka msimamizi mmoja Myahudi, ndiye Gedalia, naye akakaa Misipa, upande wa kaskazini wa Yeruzalemu. Wataalamu wengi wanaamini kwamba Misipa ndipo panapoitwa leo Tell en-Nasbeh, kama kilometa 12 toka Yeruzalemu.

Mtu huyo hakutoka katika ukoo wa ovyo. Babu yake Shafani alikuwa mwandishi wa mfalme Yosia, ndiye aliyemsomea mfalme kile kitabu cha Sheria kilichookotwa Hekaluni. Baba yake Ahikamu alimkinga nabii Yeremia siku ile makuhani walipotaka auawe. Yeremia mwenyewe, alipofunguliwa minyororo na mkubwa wa askari wa Babiloni, aliambiwa achague: aende Babiloni akatunzwe vizuri, au abaki. Alichagua kubaki, akaenda kukaa kwa Gedalia. Nabii aliyejua kuwapima watu hangekwenda kukaa kwa mpumbavu.

Tena kazi ya Gedalia ilianza kuzaa matunda. Makapteni wa jeshi lililotawanyika walitoka porini wakamjia, akawaapia kwamba wasiogope, wakae nchini, wavune zabibu na matunda na mafuta, waweke akiba katika vyombo vyao. Wayahudi waliokimbilia Moabu, Amoni na Edomu walisikia, wakarudi makwao. Mwandishi anasema kwamba walivuna divai na matunda mengi sana. Nchi iliyokuwa majivu ilianza kunuka mavuno. Tukumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo lililoharibiwa baadaye. Hasara haikuwa ya mtu mmoja tu.

Maonyo mawili na jibu moja

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Mmoja wa makapteni, Yohanani mwana wa Karea, alifika Misipa. Hakuja peke yake: makapteni wote wa porini walikuwa pamoja naye. Walimwuliza Gedalia kama ana habari kwamba Baalisi mfalme wa Waamoni amemtuma Ismaeli mwana wa Netania aje kumwua. Gedalia hakuwaamini.

Baadaye Yohanani alirudi kwa siri. Mara hii hakuleta habari tu, alileta shauri. Aliomba ruhusa aende kumwua Ismaeli mwenyewe, na mtu yeyote asijue. Akatoa na sababu nzuri: kwa nini mtu mmoja akuue, na Yuda wote waliokusanyika kwako watawanyike tena? Gedalia akamjibu mambo mawili kwa pumzi moja: usifanye jambo hilo, na tena, unayosema juu ya Ismaeli ni uongo.

Tunaomba wasomaji wetu wasipite haraka mahali hapa. Maonyo ni mawili, wala hayafanani. La kwanza limetolewa mbele ya watu, na mashahidi wengi. La pili limetolewa gizani, na mtu mmoja, nalo linaomba damu. Kwa onyo la kwanza Gedalia alipaswa kusikiliza. Kwa shauri la pili alipaswa kukataa. Naye akakataa yote mawili.

Basi hapa tunaachana na wale wanaomwita mjinga tu. Alipomkataza Yohanani asiue, alifanya vema. Ismaeli alikuwa hajahukumiwa, hajaulizwa, hajaitwa. Kumwua usiku kwa sababu ya maneno ya watu kungekuwa ni kosa lile lile aliloshtakiwa Ismaeli. Mtu anayeua kwa siri ili kuzuia mauaji ya siri ameshakuwa mwanafunzi wa adui yake. Gedalia hakukubali kuanza utawala wake kwa damu iliyofichwa, na kwa hilo tunamheshimu.

Lakini sehemu ya pili ya jibu lake ndiyo iliyomwua. Alisema: ni uongo. Alijuaje? Habari haisemi kwamba alimtuma mtu kuuliza Amoni, wala kwamba aliwahoji wale makapteni mmoja mmoja, wala kwamba alimwita Ismaeli ajieleze. Kwa neno moja alimhukumu Ismaeli kuwa hana kosa na Yohanani kuwa mwongo, bila kumsikiliza hata mmoja wao. Kumwamini Ismaeli kungeweza kuwa wema. Kumwita Yohanani mwongo bila kuchunguza hakukuwa wema hata kidogo. Watu wengi husahau kwamba unapomwamini mtu mmoja upofu, mara nyingi unamdhulumu mwingine.

Walimu wa kale wa Wayahudi waliliona jambo hili kwa macho makali. Katika Talmudi wanafundisha kwamba habari mbaya juu ya mtu haifai kuipokea kama kweli, lakini inafaa kujihadhari nayo. Mfano wanaoutoa ni Gedalia huyu huyu. Tunaona kwamba wamepima sawasawa. Kati ya kusadiki na kupuuza iko nafasi, na mwenye akili husimama hapo.

Kitabu cha pili cha Wafalme kinanyamaza

Mtu anaweza kutuuliza: je, hamzidishi maneno? Labda mwandishi alitaka tu kusimulia yaliyotokea. Tujibu kwa kulinganisha. Habari hii imo pia mwishoni mwa kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 25. Huko imepewa mistari mitano tu. Gedalia anawekwa, makapteni wanakuja, anawaapia, Ismaeli anamwua, watu wanakimbilia Misri. Basi. Hakuna onyo la makapteni, hakuna shauri la siri la Yohanani, wala hakuna jibu la Gedalia.

Aliyesimulia habari hii katika kitabu cha Yeremia amechagua kutueleza yale ambayo mwingine aliyaacha. Katika Wafalme, Gedalia anapatwa na msiba kama mtu anayeangukiwa na mti njiani. Katika Yeremia anaonywa, anajibu, halafu anapatwa. Yaani mwandishi huyu hakutaka tumlilie Gedalia tu. Alitaka tumsikilize akijibu, tujiulize kama sisi tungejibu vingine. Hapo ndipo tunapoona ufundi wake. Hatoi hukumu hata moja. Hasemi kwamba Gedalia alikosa, wala kwamba Yohanani alikosa. Anayaweka maneno yao mawili kando kando, kisha anaendelea na safari.

Wengine hudhani habari kama hizi ni hadithi za kutungwa. Tunawaambia kwamba mwaka 1984, katika machimbo ya Tell el-Umeiri nchini Yordani, palionekana alama ya muhuri wa mtumishi wa mfalme mmoja wa Amoni ambaye wataalamu wengi wanamtambua kuwa ndiye Baalisi wa Yeremia. Kabla ya hapo jina lake halikujulikana popote ila katika mstari huu mmoja. Njama ile ilikuwa na nchi yake na mfalme wake.

Mkate, na machozi ya Ismaeli

Mwezi wa 7 Ismaeli alifika Misipa na watu 10. Hapo mwandishi anaongeza neno moja dogo: alikuwa wa uzao wa mfalme. Hatuelezi zaidi, lakini tumekwisha kuelewa. Mtu wa ukoo wa kifalme anamwona mjukuu wa mwandishi amekalia kiti. Mfalme wa nje anaweza kumtuma mtu, lakini kwanza huangalia moyoni mwake kama mna wivu wa kuuwashia moto.

Wakala mkate pamoja. Halafu wakainuka, wakampiga Gedalia kwa upanga, na Wayahudi waliokuwa naye, na askari wa Babiloni waliokuwapo. Wahenga wetu walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Gedalia alidhani meza ni ulinzi. Kwa watu wa Mashariki, kama kwetu, mkate unaoliwa pamoja ni agano. Ismaeli hakumwua tu mtu. Aliiua na meza.

Lakini lililofuata ni baya zaidi, nalo wasemaji wetu hulisahau. Siku ya pili, kabla habari haijaenea, walitokea watu 80 toka Shekemu, Shilo na Samaria. Walikuwa wamenyoa ndevu, wamerarua nguo, wanachukua sadaka ya unga na ubani kwenda mahali pa nyumba ya Bwana iliyoteketea. Walikuwa mahujaji wa huzuni. Ismaeli alitoka kuwalaki akitembea na kulia. Akawaalika waje kwa Gedalia. Walipoingia katikati ya mji, aliwachinja akawatupa katika shimo la maji, lile alilolitengeneza zamani mfalme Asa alipomwogopa Baasha mfalme wa Israeli. Watu 10 tu walipona, kwa kuwa walisema wana akiba ya ngano, shayiri, mafuta na asali iliyofichwa mashambani.

Tazameni jinsi mwandishi anavyotuonyesha uovu bila kuutolea maneno makali. Haandiki kwamba Ismaeli alikuwa mkatili. Anatuonyesha machozi yake. Machozi hayo yalikuwa ya namna ile ile na huzuni ya mahujaji, na kwa sababu hiyo yaliwadanganya. Mdanganyifu hachagui sura tusiyoipenda. Huazima ile tunayoipenda zaidi. Kwa mtu wa amani alikuja kama mgeni wa mezani. Kwa wenye kuomboleza alikuja akilia. Kisha anatuonyesha thamani ya roho machoni pa Ismaeli: watu 70 walikufa bure, watu 10 walipona kwa asali na mafuta. Aliyejidai kuwa mtetezi wa ukoo wa Daudi alikuwa na bei.

Tena kuna mstari mmoja mgumu. Maandishi ya Kiebrania, yanapotaja shimo lile, yanasema kama kwamba wale watu walitupwa humo kwa mkono wa Gedalia. Waliotafsiri zamani kwa Kigiriki hawana neno hilo. Wao wanasema tu kwamba lilikuwa shimo kubwa. Huenda maandishi yaliharibika katika kunakiliwa. Lakini wale walimu wa Talmudi walilichukua neno la Kiebrania kama lilivyo, wakasema kwamba kwa kutojihadhari kwake Gedalia alihesabiwa kana kwamba yeye ndiye aliyewaua. Hukumu hiyo ni nzito, labda nzito mno. Hata hivi inatukumbusha kwamba mkubwa asiyechunguza onyo halipi deni hilo peke yake. Wale 80 hawakumjua Ismaeli, hawakuonywa na mtu, hawakuchagua lolote. Walilipa kwa neno moja lililosemwa na mtu mwema.

Aliyekuwapo asiulizwe

Sasa tufike kwenye jambo lililotushangaza zaidi tulipoisoma habari hii mara ya tatu na ya nne. Yeremia alikwenda kukaa Misipa kwa Gedalia. Lakini tangu makapteni wanapofika, katika onyo, katika shauri la siri, katika mauaji na katika kufukuzana, jina la nabii halitajwi hata mara moja. Wala neno la Bwana halisikiki. Sura nzima imepita na Mungu hajaulizwa.

Na nani alistahili kuulizwa kuliko yeye? Yeremia alipata kupangiwa njama na watu wa kijiji chake mwenyewe, Anatoti. Alikuwa kama mwana-kondoo asiyejua anakopelekwa, mpaka Bwana alipomfunulia. Ndiye aliyefundisha kwamba ana laana mtu anayemtegemea mwanadamu na kumwacha Bwana. Mwalimu wa jambo hili hili alikuwa ndani ya mji, na hakuna aliyebisha hodi mlangoni pake.

Alitafutwa baadaye, mambo yalipokwisha haribika. Yohanani alikuwa amemfukuza Ismaeli, akamkuta penye maji mengi ya Gibeoni, akawakomboa mateka. Ismaeli mwenyewe alitoroka na watu 8 kwenda Amoni. Ndipo watu wote, kwa hofu ya Wababiloni, wakamwendea nabii awaombee kwa Mungu. Baada ya siku 10 jibu likaja: msiende Misri, kaeni nchini. Hawakulipenda. Na Yohanani, pamoja na wenziwe, akamjibu Yeremia kwamba anayosema ni uongo, na kwamba Baruku ndiye aliyemchochea.

Hapo ndipo tulipofunga kitabu kwa muda. Neno alilotumia Yohanani ni lile lile la Kiebrania alilotupiwa yeye na Gedalia. Mtu aliyesema kweli akaitwa mwongo, sasa anamwita mwongo yule anayesema kweli. Aliyeumizwa na neno hilo hakujifunza kutolitumia. Zaidi ya hayo, alimtafutia Yeremia njama asiyokuwa nayo: alimwona Baruku nyuma yake kama vile alivyomwona Baalisi nyuma ya Ismaeli. Mara ya kwanza alikuwa na haki, mara ya pili alikosa, na moyo wake haukutambua tofauti. Ndiyo hatari ya mtu aliyewahi kuvumbua hila moja ya kweli: huanza kuona hila kila mahali, hata katika kinywa cha nabii.

Basi kitabu kimetuonyesha magonjwa mawili. Gedalia hakuamini kwamba njama ipo, nayo ilikuwapo. Yohanani aliamini kwamba njama ipo, nayo haikuwapo. Wote wawili walitumia neno moja, na wote wawili hawakuchunguza. Mmoja alipoteza maisha yake. Mwingine aliwapeleka watu wote Misri, mahali Bwana alipowakataza.

Njia ya tatu

Je, Maandiko yanatuacha hapo, kati ya upofu na wasiwasi? Hapana. Sheria ya Musa ilikwisha amuru kwamba habari ya uovu ikisikika, waamuzi waulize, wapeleleze, watafute sana. Tena kwamba shahidi mmoja hatoshi. Njia hiyo tunaiona ikifanya kazi katika sura ya 13 ya kitabu cha Danieli, habari ya Susana. Wazee wawili walimshtaki mwanamke mwaminifu, watu wote wakawaamini kwa ajili ya heshima yao. Kijana Danieli hakupiga kelele tu kwamba wanasema uongo. Aliwatenga, akamwuliza kila mmoja aliwaona chini ya mti gani. Mmoja akataja mti huu, mwingine ule. Swali moja la akili liliokoa roho.

Wala tusidhani kwamba kudanganywa ni kwa wapole peke yao. Katika kitabu cha kwanza cha Wamakabayo, sura ya 12, tunamsoma Yonatani, mtu wa vita aliyezeeka katika hila za wafalme. Alimjia Trifoni na askari 40,000. Trifoni aliogopa, basi akampa heshima na zawadi, akamwambia hakuna haja ya kuwachosha watu wote hao, aje na wachache tu, naye atamkabidhi mji wa Tolemai. Yonatani akawarudisha askari nyumbani, akaingia na 1,000. Malango yakafungwa, akakamatwa, watu wake wakauawa. Gedalia alidanganywa kwa upande wa wema wake. Yonatani kwa upande wa sifa. Kila mtu ana mlango wake usio na komeo.

Na kwetu je?

Tungependa kumalizia hapo, lakini haingekuwa haki. Sisi tunaoandika haya tulipata kuketi katika baraza la chama kimoja cha akiba cha waamini. Mama mmoja alitujia akasema kwamba mtunza sanduku anachanganya fedha za wajane na fedha zake. Tulimjua mtunza sanduku: alisali vizuri, alilia katika mazishi ya watu. Tukamwambia yule mama kwamba ni wivu. Hatukuhesabu fedha. Kuhesabu kungechukua muda wa saa moja. Sanduku lilipofunguliwa baada ya miezi, halikuwa na kitu, na wajane hawakutulaumu; walitutazama tu. Tangu siku hiyo hatuwezi kusoma jibu la Gedalia kama jibu la mtu mwingine.

Hilo ni dogo. Liko kubwa zaidi, nasi wa mashariki ya Kongo tunalijua kwa machozi. Mara ngapi katika miaka hii yetu ya vita mtu amekuja usiku, akasema: wale wa ng'ambo ya mto wanapanga kutuua, tuwatangulie? Naye hutoa sababu nzuri kama ya Yohanani: kwa nini watu wetu wote wapotee? Mhubiri anayetufundisha tu kwamba Gedalia alikufa kwa kuamini watu, bila kujua anamtia nguvu yule mjumbe wa usiku. Kwa sababu hiyo tumeona inafaa kuandika. Fundisho nusu katika nchi yenye majeraha linaweza kuwa upanga.

Fundisho zima ni hili. Mtu akikuletea onyo juu ya mwingine, usilimeze wala usilitupe. Usimwite mwongo. Liulize, litafute, waite mashahidi, hesabu sanduku, funga mlango usiku. Lakini akikuletea shauri la damu, likatae hapo hapo, kama Gedalia alivyolikataa, hata akiwa na hakika ya maneno yake. Tena kabla ya yote mawili, mtafute Yeremia, wakati angali karibu, wala usingoje mpaka siku ya kukimbia.

Wayahudi hufunga chakula kila mwaka kwa ajili ya Gedalia, mwezi wa 7, na nabii Zakaria anataja mfungo huo. Ni ajabu kwamba taifa lililoona wafalme wengi wakifa linamkumbuka hivyo msimamizi wa muda mfupi. Tunadhani hawaombolezi kifo chake tu. Wanaomboleza yale mavuno, wale waliokuwa wamerudi, na nafasi iliyopotea.

Sisi Wakristu tunayo meza nyingine ya kutazama. Yezu naye alikaa mezani na mtu aliyekwisha kumwuza, akampa tonge. Mtakatifu Yoane anatuambia kwamba Yezu hakujiaminisha kwa watu, kwa kuwa alijua mambo yaliyomo ndani ya mtu. Hakudanganywa na Yuda hata saa moja. Alisema wazi mezani kwamba mmoja atamsaliti. Na Petro alipotaka kutumia njia ya Yohanani, upanga gizani, aliambiwa aurudishe alani. Gedalia alikuwa na upole bila macho. Yohanani alikuwa na macho bila upole. Bwana wetu peke yake aliona yote, na hakuacha kupenda. Tumwombe atujalie vyote viwili, maana kila siku tunaketi mezani na watu, na hatujui ni nani atakayebisha hodi kesho.